KIBABA CHA HEWA: KUTOKA MBARARA HADI NAKIVALE

Msafiri atokaye Kampala kuelekea magharibi huvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, hupita Masaka na Lyantonde, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 270 huingia Mbarara. Mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, umekaa juu ya vilima vya Ankole, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari. Askari huufahamu kwa kambi yake. Wazee huukumbuka kwa vita vya 1979, ulipotekwa mwezi Februari na majeshi ya Tanzania yakisaidiana na wapiganaji wa Uganda. Wafugaji huusifu kwa ng'ombe wenye pembe ndefu. Na vijana wanaotafuta elimu huujia kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989.

Ni wachache, hata hivyo, wanaoufikiria mji huu kwa ajili ya hewa yake. Alfajiri, ukungu unapokuwa bado umelala juu ya mto Rwizi, moshi wa sigiri hupanda polepole kutoka nyua za nyumba na kukutana na moshi wa magari ya mizigo yaendayo Kabale na Rwanda. Jua likipanda, upepo huamka, moshi hutawanyika, na vilima huonekana safi kama vilivyooshwa. Mtu husema, "Hewa imekuwa nzuri," kisha huendelea na shughuli zake. Lakini imekuwa nzuri kwa kiasi gani, na nani aliyeipima?

Mbarara si mahali pasipopimwa kitu. Kipo kituo cha hali ya hewa, ambapo mtumishi hutazama chombo cha mvua na vipimajoto vilivyomo ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya, akiandika tarakimu katika daftari. Aidha, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mwaka 2015 mpango uitwao AirQo, ambao hupima vumbi laini na moshi katika miji mbalimbali, Mbarara ikiwa mmojawapo. Vyombo hivyo ni vya bei nafuu, kwa hiyo baadhi yake huwekwa bega kwa bega na mashine kubwa ya kuaminika, ili ijulikane vinakosea kwa kiasi gani. Jambo hilo la kuweka chombo kidogo mbele ya chombo kikubwa kama mtoto mbele ya mwalimu wake, ndilo moyo wa makala haya.

Maana kuna kitu kingine hewani ambacho hakionekani kama moshi, hakina harufu, wala hakishikwi na kitambaa cheupe. Nacho ni hewa ya ukaa, ile ambayo vitabu vya shule huiita kabonidioksidi. Kila mwenye mapafu huitoa. Kila mti huila mchana. Kila jiko la kuni na kila injini huiongeza. Isichanganywe na sumu ya mkaa inayoua watu waliolala chumbani na sigiri huku madirisha yamefungwa. Hiyo ni monoksidi ya kaboni, na kila nyumba yapaswa kuiogopa. Hewa ya ukaa kazi yake kubwa ni nyingine: huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili. Blanketi likizidi unene, misimu huvurugika.

NJIA YA NAKIVALE

Kutoka Mbarara, barabara iendayo Isingiro na Kikagati, mpakani mwa Tanzania, huelekea kusini kupitia migomba isiyokwisha. Isingiro ni nchi ya matoke. Malori hupakia mikungu hapa usiku na mchana kwenda Kampala. Baadaye msafiri huacha lami na kushika barabara ya changarawe. Migomba hupungua, miiba na nyasi kavu huongezeka, vumbi jekundu hutanda, na mwishoni ziwa Nakivale hujitokeza likiwa limezungukwa na mafunjo. Ziwa hili ni sehemu ya ardhioevu ya Mburo na Nakivale, iliyoandikishwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar.

Kandokando ya ziwa hilo ndiko kuliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kumbukumbu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zasema yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Baada yao wakaja wengine: Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na tena Wanyarwanda baada ya 1994. Leo watu zaidi ya laki moja huishi katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 185. Serikali ya Uganda, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, huwapa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima badala ya kuwafungia ndani ya uzio. Kiswahili hapa ni mali ya wote: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha askari wa Uganda, na cha Msomali mwenye duka, vyote hukutana sokoni na kuelewana.

Na sokoni ndiko msafiri hujifunza jambo la kwanza kuhusu kupima. Karibu na mahali wenyeji wanapopaita Base Camp, mama mmoja wa Kikongo huleta maharagwe yake kwa mnunuzi. Kabla ya kumwaga gunia, hutoa kikapuni pakiti ya chumvi ya kilo moja, ambayo haijafunguliwa, na kuiweka juu ya mizani.

"Papa, usikasirike," husema kwa upole. "Naangalia tu kama mizani yako imelala vizuri."

"Sikasiriki, mama," hujibu mnunuzi, mzee aliyewahi kuwa askari. "Hata bunduki tuliijaribu kwanza kwenye shabaha. Weka."

Mshale husimama juu ya moja. Mama huridhika, gunia humwagwa, na biashara huendelea bila ugomvi. Pakiti ile ya chumvi haiuzwi wala hailiwi. Thamani yake yote imo katika kutofunguliwa kwake. Imekuwa jiwe la ukweli.

Katika Nakivale hili si jambo dogo. Tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limegawa wakimbizi wa Uganda katika madaraja kwa kadiri ya shida zao, kwa sababu ya upungufu wa fedha. Wengine hupata sehemu tu ya posho ya zamani, na wale wanaohesabiwa kuwa wanajitegemea hawapati kitu. Kwa jamaa inayoishi kwa maharagwe na mahindi iliyolima yenyewe, gramu mia zilizopotea katika mizani ya uongo ni mlo wa mtoto. Tena mvua ikichelewa juma mbili, hakuna pakiti ya chumvi itakayoirudisha.

MWAKA MMOJA, DAFTARI MBILI

Mwaka 1958, ule ule uandikwao kuwa mwanzo wa Nakivale, ndio mwaka ambao mwanasayansi wa Kimarekani Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa mfululizo. Mahali alipopachagua ni mlima wa Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, kwenye kituo kilicho mita zipatazo 3,400 juu ya bahari, mbali na miji na viwanda. Ilikuwa mwezi Machi. Chombo chake kilipitisha mionzi isiyoonekana na macho katika hewa iliyovutwa na pampu. Hewa ya ukaa hunyonya mionzi hiyo, na kadiri inavyonyonywa ndivyo wingi wake ujulikanavyo.

Kipimo chake huhesabiwa kwa sehemu katika milioni. Mwaka 1959, mwaka wa kwanza uliokamilika, wastani wa Mauna Loa ulikuwa sehemu 316 katika kila milioni ya hewa kavu. Mwaka 2024 wastani huo ulikuwa yapata sehemu 424. Kabla ya viwanda kuenea duniani ulikuwa kiasi cha 280. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Nakivale mwaka 1960 alivuta pumzi yake ya kwanza katika dunia yenye sehemu 317. Mjukuu wake aliyezaliwa katika kijiji hicho hicho mwaka 2024 amezaliwa katika dunia iliyoongezewa sehemu zaidi ya mia moja. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Keeling ndiye aliyekaa karibu na kibaba hicho na kuhesabu kila haba.

Lakini methali hiyo ina sharti ambalo mara nyingi halisemwi: ni lazima kibaba chenyewe kisibadilike. Zamani katika pwani yetu pishi ya mji mmoja haikuwa sawa na pishi ya mji mwingine, na wafanyabiashara waligombana kwa ajili hiyo. Kama chombo cha Mauna Loa kingekuwa kinanenepa kidogo kila mwaka, ongezeko lote lingeweza kuwa ndoto ya chombo, si habari ya dunia. Mtu angeuliza, na angekuwa na haki ya kuuliza: "Je, ni hewa iliyobadilika, au ni mizani?"

MITUNGI YA UKWELI

Jibu la swali hilo limo ndani ya mitungi. Kama mama yule alivyo na pakiti yake ya chumvi, ndivyo kila kituo cha kupima hewa kilivyo na mitungi ya hewa ambayo kiasi chake cha hewa ya ukaa kinajulikana. Baada ya kila muda uliopangwa, chombo huachishwa kuvuta hewa ya nje na kuonjeshwa hewa ya mtungini. Ikiwa mtungi ni wa sehemu 420 na chombo kinasema 421, basi chombo kimepotoka kwa moja, na hesabu za siku hiyo husawazishwa.

Mitungi nayo yatoka wapi? Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeikabidhi kazi hiyo maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Boulder, katika jimbo la Colorado. Huko hewa ya mlimani hushindiliwa katika mitungi ya alumini. Mitungi mikuu ya maabara hiyo haipimwi kwa kuilinganisha na mitungi mingine. Hewa yake hupozwa mno hata hewa ya ukaa ikaganda peke yake, kisha hupashwa moto na kupimwa kwa ujazo, kanieneo na joto lake. Kutoka kwenye mitungi hiyo mikuu hupimwa ya daraja la pili, na kutoka ya pili hupimwa ile inayotumwa katika vituo vya dunia. Ni ngazi kama ya amri jeshini: mtungi wa chini hutii ule wa juu, na hakuna anayejipandisha cheo mwenyewe.

Usahihi unaotakiwa ni wa kushangaza. Vituo vya kaskazini mwa dunia havitakiwi kupishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi katika sehemu mia nne na zaidi. Hiyo ni sawa na kupima gunia la kilo 100 na kukosea kwa gramu zisizofika 25, yaani vijiko viwili vikubwa vya sukari. Sababu ya ukali huo ni wazi. Katika miaka ya karibuni hewa ya ukaa imekuwa ikiongezeka duniani kwa sehemu mbili hadi tatu kwa mwaka. Chombo kitakachopotoka kwa sehemu mbili bila kugunduliwa kitakuwa kimetangaza mwaka mzima ambao haukuwapo.

Hata jiwe la ukweli laweza kudanganya. Chumvi ya mama yule ikinyonya unyevu wa masika itazidi uzito, na siku moja mshale utasema uongo kwa nia njema. Mitungi nayo ni vivyo hivyo: hewa inapopungua ndani yake, chembe za hewa ya ukaa zilizonata kwenye kuta huachia, na kiasi kilichoandikwa juu ya mtungi huwa si cha kweli tena. Kwa hiyo mtungi hauachwi uishe. Huondolewa kazini ukiwa bado na akiba. Mvuke wa maji nao ni adui, kwa kuwa hewa ya majimaji huipunguza hewa ya ukaa kama maji yanavyoyapunguza maziwa; ni lazima hewa ikaushwe au mvuke upimwe na kutolewa katika hesabu.

Keeling mwenyewe hakuepuka mtihani huo. Mitungi yake ya mwanzo ilichanganya hewa ya ukaa na naitrojeni tupu, si hewa ya kawaida. Baadaye iligunduliwa kwamba chombo kilisoma michanganyiko hiyo miwili kwa namna tofauti. Hesabu za miaka mingi zililazimika kusahihishwa, na ziliweza kusahihishwa kwa sababu kila mtungi na kila usomaji ulikuwa umeandikwa. Hali kadhalika, mwaka 2021 maabara ya Boulder ilitangaza kipimo kikuu kipya, baada ya kugundua kwamba kile cha zamani kilipunguza kidogo. Tofauti ilikuwa kiasi cha sehemu 0.18 penye sehemu 400, na hesabu za nyuma zikapandishwa. Asiyejua huliita jambo hilo aibu. Ajuaye huona kinyume chake: mwenye daftari kamili hana sababu ya kuogopa kusahihishwa.

Daftari lakini huweza kukatika. Mwaka 1964 vipimo vya Mauna Loa vilisimama kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kupunguzwa kwa fedha, na pengo hilo laonekana hata leo katika mchoro. Mwezi Novemba 2022 mlima wenyewe ulilipuka, lava ikakata barabara na umeme, na vipimo vikahamishiwa kwa muda mlima wa jirani, Mauna Kea. Umeme waweza kurudishwa na barabara kujengwa upya. Siku isiyopimwa hairudi.

JIRANI WA KARIBU

Je, vipimo hivi ni vya Marekani peke yake? La. Msafiri anayerudi Mbarara kutoka Nakivale aweza kushika barabara ya Ntungamo na Kabale hadi mpakani mwa Rwanda. Ndani ya Rwanda, upande wa kaskazini-magharibi, ambako milima ya volkano hupanga safu, uko mlima Mugogo wenye urefu wa mita 2,590. Kutoka Mbarara hadi mlimani hapo, kama ndege arukavyo, ni chini ya kilomita 200. Juu yake kipo kituo ambacho serikali ya Rwanda ilikianzisha kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani.

Chombo cha Mugogo hutumia mwanga wa leza. Mwanga huingizwa katika chumba kidogo chenye vioo, ukaenda na kurudi kati ya vioo hivyo mara maelfu, na chombo hupima jinsi unavyofifia upesi. Hewa ya ukaa ikiwa nyingi, mwanga hufifia mapema. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana, na mitungi ya ukweli huwa pembeni. Mnyarwanda Jimmy Gasore alitumia vipimo vya kituo hiki kutafiti hewa ya Afrika ya Kati na Mashariki, akapata shahada ya udaktari MIT mwaka 2018. Mwezi Septemba 2023 aliteuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu wa nchi yake.

Kituo hicho kimeonyesha kitu ambacho wakulima wa Ankole wangeweza kukitambua kwa pua zao. Moshi huzidi mara mbili kwa mwaka, nyakati za kiangazi. Kati ya Desemba na Februari upepo huuleta kutoka kwenye mioto ya nyika za kaskazini. Kati ya Juni na Agosti huuleta kutoka kusini. Moto uliowashwa katika nchi moja huandikwa katika daftari la nchi nyingine. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwezi Februari 2019, na kwa sehemu kubwa ya muda hadi Januari 2022 malori hayakupita. Upepo ulipita kila siku bila kuulizwa hati ya kusafiria.

Mashariki zaidi, juu ya mlima Kenya, kwenye urefu wa mita 3,678, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo kilichofunguliwa mwaka 1999 kikiwa miongoni mwa vituo vikuu vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Watumishi wake wamepambana na baridi, unyevu na kukatika kwa umeme, na mapengo katika kumbukumbu yanashuhudia mapambano hayo. Anayesoma tarakimu moja gazetini na amkumbuke mtu aliyepanda mlima kuchukua tarakimu hiyo.

Mbona milimani? Kwa sababu bondeni hewa husimulia habari za bonde tu. Usiku, karibu na ardhi, hewa ya ukaa hutulia na kurundikana, kwa kuwa mimea na udongo huitoa na upepo haupo wa kuichukua. Mchana majani huila na upepo huichanganya. Chombo kikiwekwa kando ya ziwa Nakivale kitapanda na kushuka kila siku kwa makumi ya sehemu, na jiko la jirani lingekitia wazimu. Hicho nacho kina faida yake kwa anayetaka kujua bonde linapumua vipi. Anayetaka kujua dunia hupanda juu.

ANAYEPIMWA NA WENGINE

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Afrika ni bara kubwa lenye vituo vichache mno vya namna hii. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Paul Palmer wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakitumia setilaiti, walieleza kwamba Afrika ya kitropiki ilikuwa ikitoa hewa ya ukaa kuliko inavyoila, hasa upande wa magharibi ya Ethiopia. Habari hiyo ilizua mabishano. Misitu ya Kongo, mafunjo ya Uganda na nyika za Tanzania huhesabiwa kwa jicho lililo angani, na vituo vya ardhini vya kulihakiki jicho hilo ni vichache. Ni kama muuza maharagwe asiye na pakiti ya chumvi: atakubali lolote mshale usemalo.

Na tayari hewa ya ukaa imekuwa bidhaa. Tangu mwaka 2003, wakulima wa Bushenyi, magharibi ya Mbarara, wamekuwa wakilipwa kwa kupanda miti kupitia shirika la ECOTRUST la Uganda, fedha zikitoka kwa wanunuzi wanaotaka kufidia moshi wao. Miti hiyo hupimwa kwa kuhesabu mashina na unene wake. Mkulima ana haki ya kuuliza: aliyepima ni nani, kwa kamba gani, na kamba hiyo nayo ilihakikiwa wapi?

Nakivale yenyewe imo katika hesabu hiyo. Watu zaidi ya laki moja hupika kila siku kwa kuni na mkaa, na vilima vilivyokuwa na miti sasa viko wazi. Ni rahisi kumnyoshea mkimbizi kidole. Hata hivyo sehemu mia na zaidi zilizoongezeka tangu 1958 zimetoka kwa sehemu kubwa katika makaa ya mawe, petroli na gesi za nchi zenye viwanda, na katika ukataji wa misitu kote duniani. Sufuria ya maharagwe ya mama wa Kikongo ni chembe ndogo ndani yake. Ili kulisema hilo mbele ya mataifa na kusikilizwa, tarakimu zinahitajika. Nazo ni lazima ziwe za chombo kilichohakikiwa, katika daftari lisilokatika, lililoandikwa na mtu asiyeona haya kusahihishwa.

Somo hilo halikai milimani tu. Mama anayempimia mtoto dawa ya maji hutumia kipimo kilichokuja na chupa, si kijiko chochote cha jikoni. Askari hurekebisha kilengeo cha bunduki kabla ya doria. Mwenye duka hupeleka mizani yake kupigwa muhuri na Shirika la Viwango la Taifa. Wote hao hukiri ukweli mmoja: jicho na mkono huzoea kosa upesi, hata kosa likaonekana haki.

Jioni msafiri anaporudi, jua hushuka nyuma ya vilima vya Isingiro na moshi wa majiko huanza tena kulala juu ya ziwa. Sokoni magunia yamefungwa. Mama wa Kikongo hupanga kikapu chake: sabuni, dagaa, mafuta kidogo. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki alioufunga vizuri ili unyevu usiingie, imo pakiti yake ya chumvi. Binti yake humwuliza kwa nini wasiipike, maana nyumbani chumvi imekwisha.

"Hiyo hatuli, mwanangu," hujibu. "Tukiila hiyo, kesho nani atatuambia ukweli?"